Kupiga picha za mawio ya jua Mombasa: mwongozo kamili kwa anayerudi nyumbani na anga jeupe

Picha nyingi za mawio ninazoonyeshwa na wapiga picha wanaoanza hapa Mombasa zina kasoro zile zile: anga limekuwa jeupe mahali palipokuwa na rangi, bahari imekuwa nyeusi kama lami, na mstari wa upeo umelala upande. Aliyezipiga hulaumu kamera yake. Mara nyingi kamera haina kosa, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha kuharibika kabla ya picha ya kwanza kupigwa: mhusika alifika jua likiwa tayari limetoka.

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na katika sehemu hii ya dunia jua hupanda karibu wima. Tangu ukingo wake wa juu uonekane mpaka duara zima litoke baharini hupita dakika mbili na sekunde chache tu, na baada ya hapo jua hupanda nyuzi moja kila dakika nne. Miongozo iliyoandikwa Ulaya huahidi saa nzima au zaidi ya mwanga wa dhahabu. Sisi tuna nusu saa hivi, na rangi zilizo bora kabisa huja kabla ya jua lenyewe. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata jambo hilo moja.

## Vifaa vya kuandaa

- Kamera inayokuruhusu kuweka mwanga kwa mkono, au simu yenye kamera nzuri. Hatua karibu zote zinafaa kwa simu pia.
- Lenzi pana, ya milimita 18 hadi 35 hivi. Lenzi ndefu ya milimita 200 au zaidi inahitajika tu ukitaka jua liwe kubwa nyuma ya ngalawa.
- Tripodi imara. Mkono wa mtu hauwezi kushikilia kamera bila kutikisika kwa sekunde nzima.
- Betri mbili zilizojaa na kadi ya kumbukumbu iliyo tupu.
- Tochi ndogo, ikiwezekana ya kuvaa kichwani.
- Vitambaa viwili laini, kimoja cha lenzi na kingine cha kufutia chumvi kwenye mwili wa kamera.
- Mfuko wa plastiki usiopitisha maji, wa kuhifadhi kamera mvua au mawimbi yakirukia.
- Viatu vya mpira vyenye soli ngumu. Miamba ya matumbawe hukata miguu, na katika madimbwi yake kuna viumbe wenye miiba.

Fleshi iache nyumbani. Haiwezi kuangaza bahari, na itakachokifanya ni kuyafanya matone ya chumvi yaliyo hewani yaonekane kama vumbi jeupe.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kutazama mwezi, maji na upepo

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayoamua utakuwa na nini mbele ya kamera.

Anza na saa ya mawio. Mombasa jua hutoka mapema kabisa mwanzoni mwa Novemba, dakika chache kabla ya saa 12 asubuhi, na huchelewa kabisa katikati ya Februari na mwishoni mwa Julai, karibu na saa 12 na nusu. Usikariri saa moja kwa mwaka mzima, kwa maana tofauti ya nusu saa ndiyo yote inayotenganisha picha yenye rangi na picha isiyo nayo.

Kisha tazama maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri na kupwa karibu saa 4 au saa 5 asubuhi. Maana yake ni kwamba jua litakapochomoza maji yatakuwa bado juu yakianza kuondoka, mchanga utakuwa mwembamba, na mawimbi yatafika karibu na kuta na mizizi ya miti. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hupwa karibu saa 10 alfajiri, na jua likitoka yanapanda polepole. Kwa kuwa kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, na zaidi ya hapo katika siku za maji mafu, siku chache baada ya nusu mwezi utakuta yamepwa wakati ule ule wa mawio. Hizo ndizo siku za kupata madimbwi tulivu yanayoakisi anga, na mimi huzipenda kuliko siku nyingine zozote za mwezi. Anayefuata kalenda ya Kiislamu anaweza kuhesabu haya kwa vidole. Asiyeifuata atazame jedwali la maji la Kilindini.

Mwisho, upepo na mawingu. Kipindi cha kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, upeo wa bahari huwa wazi mara nyingi na maji hutulia. Wakati wa kusi mawingu mazito hujipanga juu ya upeo, mawimbi huwa makubwa, na mwani mwingi hutupwa ufukweni. Anga lisilo na wingu hata moja, hata hivyo, silo bora kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa rangi inahitaji kitu cha kuipokea. Unachokitaka ni mawingu membamba ya juu, kama pamba iliyochambuliwa, pamoja na upeo usiozibwa.

Onyo: Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua huzidi mita 3. Ukitembea juu ya mwamba maji yakiwa yamepwa, jua saa yatakayorudi, na usiweke mkoba wako nyuma ya mfereji ambao hutaweza kuuvuka baadaye.

## Hatua ya 2: Chagua mahali, kisha paone mchana

Jua halitoki mahali pamoja mwaka mzima. Mwishoni mwa Machi na Septemba hutoka mashariki kamili, nyuzi 90 za dira. Mwishoni mwa Juni hutoka karibu nyuzi 67, yaani upande wa kaskazini, na mwishoni mwa Desemba karibu nyuzi 113, upande wa kusini. Ukisimama ufukweni Nyali au Bamburi ukiitazama bahari, jua la Juni litakuwa upande wako wa kushoto, na la Desemba litatoka mbele yako. Mti au mashua iliyokupa picha nzuri mwezi wa kwanza huenda isikufae mwezi wa saba.

Mahali ninapompeleka anayeanza ni bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, kisiwani. Kuna mibuyu mikubwa ya kuchora kivuli mbele ya anga, kuna njia za kutembelea zilizo salama, na bahari iko wazi chini ya majabali. Anayetaka mchanga na mashua zilizotiwa nanga aende ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, ambao wenyeji huuita Pirates. Shelly Beach, Likoni, ina miamba mizuri, ila anayetoka kisiwani ahesabu muda wa kusubiri feri. Ukiwa Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, jua litatokea juu ya nchi kavu ya Nyali, ng'ambo ya mkondo. Litachelewa dakika chache kuonekana, lakini mashua zilizo kwenye maji yaliyotulia hufidia hasara hiyo.

Nenda siku moja kabla, jioni, ukiwa na dira ya simu. Simama mahali halisi utakapoweka tripodi, elekeza dira kwenye nyuzi za mwezi huo, kisha jiulize nini kitakuwa mbele ya jua. Hatua hii imekamilika vizuri iwapo unaweza kusema kwa kinywa chako: nitasimama hapa, mbuyu ule utakuwa kushoto, jua litatokea kati yake na nguzo ile. Gizani hutaweza kuchagua. Utaweza tu kufuata ulichokwisha kuchagua.

Onyo: Usielekeze kamera kwenye bandari, kambi za jeshi, Ikulu iliyo jirani na Mama Ngina, wala kivuko cha Likoni. Maeneo hayo yana ulinzi, na mtu mwenye tripodi gizani huulizwa maswali upesi. Tembea na mwenzako, na jioni ile ile mpatane na dereva wa bodaboda au tuktuk wa kuwachukua, kwa kuwa usafiri wa alfajiri si wa kubahatisha.

## Hatua ya 3: Usiku, zuia ukungu wa lenzi

Chaji betri, futa kadi, safisha lenzi. Hayo ni mepesi.

Jambo linalohitaji maelezo ni ukungu. Hewa ya pwani imejaa unyevu hata alfajiri, na kioo kilicholala kwenye chumba chenye kiyoyozi huwa baridi kuliko hewa hiyo. Ukikitoa nje, mvuke hugeuka matone juu yake papo hapo, kama unavyoona kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Niliwahi kupoteza mawio mazima Nyali kwa sababu hiyo: nilifuta, ukungu ukarudi, nikafuta tena, na lenzi ilipopata joto jua lilikuwa limeshapanda juu ya mashua. Tangu siku hiyo mkoba wangu haulali chumbani mwenye kiyoyozi. Kama chumba chako kinacho, toa mkoba nje angalau dakika 45 kabla ya kuanza kupiga, nao ukiwa umefungwa, ili kamera ipate joto polepole bila kukutana na hewa yenye unyevu.

## Hatua ya 4: Fika saa nzima kabla ya jua

Adhana ya Alfajiri ni kengele bora kuliko ya simu, kwa maana inafuata jua lenyewe. Wakati wa Alfajiri huingia pale weupe wa kwanza unapoanza kuenea upande wa mashariki, na kwa Mombasa hilo hutokea takriban saa moja na dakika kumi kabla ya jua kuchomoza, mwaka mzima. Ukisikia adhana ukiwa bado kitandani, umechelewa. Anayeswali aswali msikiti ulio karibu na mahali alipochagua, na akitoka bado atawahi.

Umefika kwa wakati kama bado unahitaji tochi kuona vidole vya miguu yako.

## Hatua ya 5: Simamisha tripodi na unyooshe upeo

Kwenye mchanga mkavu, sukuma kila mguu chini mpaka ugome. Kwenye mchanga unaofikiwa na maji kuna hatari zaidi, kwa sababu kila wimbi linaporudi huchukua mchanga ulio chini ya mguu, na tripodi huzama kidogo kidogo huku kamera ikiwa imefunguka. Izamishe kwa nguvu, acha mawimbi mawili au matatu yapite juu ya miguu, izamishe tena, ndipo uanze. Usiinue nguzo ya katikati ya tripodi, maana hapo ndipo mtikisiko huzaliwa.

Washa mistari ya gridi kwenye skrini na ulaze upeo wa bahari sambamba nayo. Bahari haina mteremko, na jicho la mtazamaji hulitambua kosa hilo kabla ya kuona rangi yoyote. Upeo usiuweke katikati bila sababu: anga likiwa na mawingu mazuri, upeo ushuke theluthi ya chini, na maji yakiwa na uakisi mzuri, upeo upande theluthi ya juu.

Zima kifaa cha kutuliza mtikisiko kilicho ndani ya lenzi ukiwa juu ya tripodi, na uweke kamera ipige sekunde mbili baada ya kubonyeza. Wenye simu wafanye vivyo hivyo.

## Hatua ya 6: Weka fokasi kwa mkono

Gizani fokasi ya kujiendesha hutafuta bila kupata, ikienda mbele na kurudi nyuma. Tafuta taa iliyo mbali, ya meli au ya ng'ambo, ikuze kwenye skrini, na uzungushe pete mpaka iwe nukta ndogo kabisa. Kisha badilisha swichi kuwa fokasi ya mkono na usiiguse pete tena. Tundu la lenzi linalopitisha mwanga, likiwekwa f/8, litatosha kuonyesha mbali na karibu kwa usafi kwa lenzi pana.

## Hatua ya 7: Piga kwa vipindi vinne

Hapa ndipo anga huwa jeupe. Kipima mwanga cha kamera hutafuta wastani wa vyote kinavyoviona, na kwa kuwa nusu ya picha ni mchanga au miti iliyo gizani, huongeza mwanga mpaka giza hilo lionekane. Anga, ambalo ndilo ulilolifuata, huunguzwa. Kwa hiyo kanuni ni moja: pima mwanga kwa anga, na uache chini pawe na giza. Giza lililo kwenye picha linaweza kuinuliwa baadaye kidogo, lakini anga lililoungua halina rangi ya kurudisha.

Weka modi ya mkono, fomati ghafi (RAW) badala ya JPEG peke yake, na mizani ya rangi (white balance) kwenye alama ya jua badala ya kujiendesha, kwa sababu kamera ikiachiwa itauona wekundu wa anga kama kosa na kuusahihisha. Vipimo vifuatavyo ni vya kuanzia tu: ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga, f ni ukubwa wa tundu, na sekunde ni muda ambao kamera hubaki wazi. Mawingu yatakulazimisha kuvibadilisha.

Dakika 40 kabla ya mawio. ISO 400, f/8, sekunde 8. Anga ni la samawati iliyokolea, na maji yanayotembea hugeuka kama moshi juu ya miamba.

Dakika 20 kabla. ISO 100, f/8, sekunde 1. Mstari wa rangi ya machungwa unatokea kwenye upeo. Kuanzia sasa punguza muda karibu kila baada ya dakika mbili au tatu, kwa sababu mwanga unaongezeka upesi kuliko jicho linavyohisi. Jicho lako hujizoesha, kamera haijizoeshi. Mawingu ya juu kwa kawaida huwaka dakika 10 hadi 15 kabla ya jua, yakiangazwa kutoka chini, kisha hufifia ghafla. Wengi hudhani shughuli imekwisha, wakakunja vifaa.

Jua likichungulia. ISO 100, f/8, sehemu ya 60 ya sekunde hivi, na uendelee kupunguza. Una dakika mbili. Usibadilishe lenzi, usihamishe tripodi. Ukitaka miale inayochanua kama nyota, funga tundu hadi f/16 wakati jua limekatwa nusu na upeo au na tawi la mbuyu.

Jua likiwa nje. Kwa dakika 10 hivi mwanga bado ni laini na vivuli ni virefu. Sehemu ya 250 ya sekunde kwa f/8 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Baada ya kila picha chache fungua histogramu, ile grafu ya mwanga inayoonyesha giza kushoto na weupe kulia. Kilima chake kisigonge ukuta wa kulia, isipokuwa kwa nukta ya jua lenyewe, ambayo haiepukiki. Kama tofauti ya anga na ardhi ni kubwa mno, piga tatu mfululizo bila kusogeza kamera, moja ya kawaida, moja yenye stopu mbili pungufu na moja yenye stopu mbili zaidi (kila stopu huongeza mwanga maradufu au kuupunguza nusu), uziunganishe nyumbani.

Mwenye simu abonyeze kidole kwenye sehemu angavu ya anga na kukishikilia mpaka kufuli litokee, kisha ashushe kitelezi cha mwanga mpaka rangi ya machungwa ionekane kweli. Asivute picha kwa vidole. Bora asogee kwa miguu.

Onyo: Usilitazame jua kupitia kitundu cha kuchungulia cha kamera, hasa kwa lenzi ndefu. Lenzi hukusanya miale na kuipeleka moja kwa moja machoni, na jeraha la jicho halitangulizi maumivu. Tumia skrini. Usiache pia lenzi ndefu imelielekea jua kwa muda mrefu.

## Hatua ya 8: Watu na mashua

Kivuli cha mtu huwa na nguvu kinapokuwa na umbo linalosomeka: mvuvi aliyegeuka ubavu na upondo mkononi husomeka, aliyeelekea kamera huwa gogo. Subiri pawe na uwazi wa anga kati ya kichwa chake na mlingoti, maana vivuli vikigusana huwa kitu kimoja kisichojulikana.

Mvuvi yuko kazini na wewe uko matembezini. Mkaribie kamera ikiwa imeshuka, msalimie kwanza, "Shikamoo mzee," na akiitikia umwombe: "Naomba nikupige picha wewe na ngalawa yako, nitakuonyesha nikimaliza." Akikataa, mshukuru na uondoke. Akikubali, timiza ahadi ya kumwonyesha. Mama aliyevaa buibui, waliotoka kuswali, na watoto wasio na mzazi karibu usiwapige bila idhini, hata kama mwanga umewapamba kiasi gani.

## Hatua ya 9: Geuka nyuma

Jua likishatoka, geuza kamera. Ule mwanga uliokuwa mgumu kuushika mbele sasa unaangukia mashina ya mibuyu, kuta za matumbawe na matanga, na rangi zake ni za joto bila tofauti kubwa ya giza na nuru. Baadhi ya picha ninazozithamini zaidi nilizipiga nikiwa nimelipa jua mgongo, Mji wa Kale ukigeuka rangi ya asali kwa dakika chache.

## Hatua ya 10: Ukirudi

Nakili picha mahali pawili kabla ya kufuta kadi. Katika kuhariri, anza kwa kuinua giza la chini kidogo tu, na usiongeze rangi mpaka anga lionekane kama juisi ya ukwaju.

Futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji matamu kisha kilicho kikavu, maana chumvi hula chuma na mpira hata usipoiona. Fungua miguu ya tripodi yote, isuuze kwa maji matamu, si ya kisima chenye chumvi, na uiache kivulini ikauke ikiwa bado imefunguliwa. Mchanga ukibaki kwenye skrubu, mguu utagoma kufungika safari ijayo, tena gizani, wakati adhana imeshapita.